Kiarabu cha Kukataa

Siku Kunegunda alipomsalimia muuza nyanya wa Lizaboni pale Songea kwa Kiarabu, mtaa ulipata la kusema mpaka jioni. "Kef halish?" alimwuliza, huku akiminya nyanya moja moja bila haraka, na alipoona mwenzake amebaki mdomo wazi akajijibu mwenyewe: "Bkher, alhamdulillah." Akalipa, akajitwika kikapu, akaondoka shingo imenyooka. Nyuma yake wakaanza. Huyu mama amesilimu. Huyu mama amepata Mwarabu wa madini kule Tunduru. Huyu mama kifo cha mumewe kimemvuruga akili. Kila mmoja alikuwa na lake, na hakuna aliyemwuliza mwenyewe, maana kuuliza kungemaliza utamu wa mazungumzo.

Wangemwuliza angewaambia, kwani hakuwa mtu wa kuficha. Alikuwa anakwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani, na hakutaka kufika kule akiwa bubu.

Shida yake ilianzia kwenye sweta. Songea si Dar es Salaam. Mwezi wa sita na wa saba ukitoka asubuhi bila kitu kizito mwilini meno yanagongana, na watoto wa shule hutembea wamejikunyata kama vifaranga. Kunegunda alikuwa na mashine ya kufumia sweta, aliyonunuliwa na marehemu mumewe Rupert enzi zile akiendesha lori la tumbaku. Kwa mashine hiyo aliwavisha watoto wa nusu ya mji: kijani, bluu, maruni yenye mstari shingoni. Rupert alipofariki, mashine ndiyo iliyobaki kuwa mume. Ilimlisha yeye na bintiye Suzana, ikaezeka nyumba bati, na hakuna ndugu aliyewahi kusikia Kunegunda akipiga hodi kuomba chumvi.

Kisha soko likafunguliwa. Ndivyo walivyosema redioni, soko limefunguliwa, na sote tukafurahi kwa sababu sukari na sabuni zilirudi dukani. Lakini mlango ukishafunguliwa hauchagui mgeni. Marobota ya mitumba yakaingia mpaka Songea, na ndani yake mlikuwa na sweta za Ulaya, nzito, laini, za kila rangi, zikiuzwa kwa bei ambayo Kunegunda asingeweza hata kununulia uzi. Walimu wakuu nao wakalegeza kamba: sweta yoyote, mradi iwe bluu. Mashine ikafunikwa kanga kama maiti. Suzana alikuwa anakaribia kumaliza darasa la saba, na mama yake hakujua atampeleka shule gani wala kwa kitu gani. Mafundi wengine wa sweta walilia. Kunegunda alikasirika.

Hasira hiyo ndiyo iliyompeleka kwa Bwana Sixbert. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, suti ya kaunda, na sauti ya upole iliyopakwa mafuta. Alikodi chumba katika nyumba ya wageni karibu na stendi, na kazi yake ilikuwa kuwatafutia wanawake wa Ruvuma kazi za ndani Uarabuni. Alikuwa ameshawasaidia kupata pasipoti, na kila mmoja alikuwa na yake mkononi, mpya, inanuka gundi. Sasa aliwakusanya kuwafundisha lugha.

"Lugha yenyewe ni neno moja," aliwaambia. "Hadhir. Maana yake, niko tayari. Ukiitwa, hadhir. Ukitumwa, hadhir. Ukigombezwa, hadhir. Neno hilo likikutoka vizuri, mengine hutayahitaji."

Wanawake wakaitikia hadhir, hadhir, kama darasa la kwanza. Halafu akaanza kuwagawia majina. Dorine akawa Nuru. Alipofika kwa Kunegunda akasema, "Wewe utakuwa Mariamu."

"Mimi nina jina, Bwana Sixbert."

"Hawataweza kulitamka, mama."

"Mbona la kwako wanalitamka?"

Wanawake wakaangua kicheko. Bwana Sixbert hakucheka. Na Kunegunda aliporudi nyumbani aliwaza jambo moja tu: hata ng'ombe wa kulimia husemeshwa kwa maneno zaidi ya moja.

Nyumba ya tatu kutoka kwake alikaa Halima, mke wa Daudi fundi baiskeli. Halima alikuwa Myao wa Tunduru, na kabla hajaolewa alifanya kazi miaka kadhaa kwenye nyumba za Maskati na Barka. Alirudi na jino la dhahabu na mgongo mbovu, na habari za kule hakuzipenda kuzisimulia. Kunegunda alimkuta uani akichambua korosho alizoletewa na ndugu zake. Alikwenda na sweta mpya mkononi, ya mwanawe Abuu, akasema, "Mama Abuu, hii ni ada. Nifundishe Kiarabu."

Halima aliigeuza sweta, akaikagua mshono kwa mshono. "Kiarabu kipi? Kama ni cha msikitini, nenda kwa maalim. Mimi ninacho cha jikoni."

"Hicho hicho ndicho ninachokitaka."

"Basi umefika. Maana ukiomba chumvi kwa Kiarabu cha kitabuni, mama Suzana, watanyamaza wote wakidhani umeanza hotuba ya Ijumaa."

Wakacheka, kisha Kunegunda akauliza lililomsumbua: si inasemekana kule wapo wengi wanaojua Kiswahili?

"Wapo. Wazee waliotoka Unguja wanakisema kuliko mimi na wewe. Lakini mtu akipandwa na hasira harudi kwenye lugha ya ugenini. Matamu utaambiwa kwa Kiswahili, machungu utaambiwa kwa Kiarabu. Na ukipata nyumba ya watu wa bara, wa milimani huko, hata hayo matamu hutayaelewa."

Siku ya kwanza walijifunza salamu, maji, moto, mlango. Siku ya pili Halima alisukuma pembeni ungo wa korosho, akamtazama mwanafunzi wake machoni. "Maneno ya kukubali sitakufundisha. Hayo watakufundisha wenyewe, bure, toka asubuhi mpaka usiku. Mimi nitakufundisha ya kukataa. Ma abgha. Sitaki. Sema."

"Ma abgha."

"Hivyo ni kama unaomba radhi. Sema kama mtu."

"Ma abgha!"

"Hadha ma shughli. Hiyo si kazi yangu. Taabana. Nimechoka. Na hili la mwisho ulishike hata ukisahau yote: Jawazi indi. Pasipoti yangu ninayo mimi."

"Hili ndilo kubwa?"

Halima alipojibu, sauti ilikuwa imeshuka. "Yangu ilifungiwa kabatini siku niliyofika. Nilipata habari mama yangu yuko hoi, nikaiomba. Wakaniambia kesho. Kesho yake, kesho. Mama yangu alizikwa Tunduru, mimi napiga deki Barka. Wallahi, mama Suzana, sijawahi kumsamehe yeyote, wala sina haraka ya kusamehe."

Kunegunda alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka Halima mwenyewe alipojikohoza na kusema tuendelee.

Wakaendelea, siku baada ya siku, na ugomvi wao wa kwanza ulikuwa juu ya goti. Halima alikaa kwenye kigoda akijifanya bibi wa nyumba, pua juu, mtandio umening'inia, akaagiza chai. Kunegunda akaleta kikombe, na alipofika mbele ya kigoda akapiga goti, akakinyoosha kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Kwa watu wake, Wangoni, mwanamke hampi mkubwa kitu akiwa wima, na hamsalimii mtu mzima magoti yakiwa makavu. Hakufikiri, mwili ulikwenda wenyewe.

"Inuka!" Halima alifoka. "Ukipiga goti siku ya kwanza, utatembelea magoti miaka yote. Sisi goti ni la Mola tu."

"Nanyi si mimi. Kwetu goti ni heshima."

"Kule watadhani ni utumwa."

"Wadhani. Mimi najua ninachokifanya."

"Mdomo unasema ma abgha, miguu inasema hadhir! Watasikiliza nini, mdomo au miguu?"

"Watasikiliza mdomo, kwa sababu ndio unaosema," Kunegunda alijibu, naye akiwa amechemka. Siku hiyo waliachana bila kuagana. Kesho yake alirudi na mafungu mawili ya mboga, Halima akazipokea, somo likaendelea, ila juu ya goti hakuna aliyerudi nyuma hata hatua.

Mtaani Kunegunda hakujificha. Maneno yasiposemwa yanaoza, Halima alimwambia, basi akayasema. Aliyasema kisimani, aliyasema sokoni, aliyasema kwa kuku wake. Watu wakampa jina, Mwarabu wa Lizaboni, naye akaliitikia. Aliyeshindwa kucheka alikuwa wifi yake, Lidwina, dada mkubwa wa marehemu Rupert, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ya Kikristo. Lidwina alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alizika maiti za watu wasio na ndugu, alilisha wagonjwa, na aliamini kwamba Mungu akitaka kumwambia Kunegunda jambo lazima apitie kwake.

Alikuja na rozari mkononi. Kunegunda alimpigia goti mlangoni kama ada, akamsalimia shikamoo, akamkaribisha kiti.

"Wifi," Lidwina alianza, "jumuiya ilikuwa isali hapa kwako wiki hii. Haitasali. Watu hawawezi kusema Salamu Maria kwenye nyumba kinamosemwa Kiarabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Wifi, hicho Kiarabu ni cha kuombea maji ya kunywa."

"Leo maji, kesho imani. Mdogo wangu angekuwa hai asingekubali."

"Rupert alikuwa akiongea Kihehe na matandiboi wake toka Njombe mpaka Iringa. Hakuwahi kurudi Mhehe."

"Mitumba imekuondolea kazi, haikukuondolea adabu."

"Adabu ninayo, wifi, ndiyo maana nimekupigia goti. Ila kwenda nitakwenda, na nikifika nitasema."

Lidwina aliondoka amevimba. Jumuiya ikahamishiwa nyumba nyingine. Kunegunda akajipeleka huko huko, akatandika mkeka wake mbele kabisa, akaimba kuliko wote. Ulipofika wakati wa kutaja nia za maombi, wenzake walipoombea mvua na wagonjwa, yeye alipaza sauti: "Tuwaombee wote wanaosafiri, na walimu wao, hasa mama Abuu, jirani yetu. Ee Bwana." Wakatazamana. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaitikia kwa mazoea, "Twakuomba utusikie," na wengine wote ikawabidi wafuate, Lidwina naye akiwamo, midomo imebana.

Basi akawa amejiona mshindi. Ndipo akafanya kosa.

Bwana Sixbert alikuja nyumbani kwake mchana mmoja, kaunda imepigwa pasi, mvi zimechanwa. Alisimama uani kama baba mkwe. Akauliza hali ya mtoto, akamsifia marehemu Rupert, akasema safari imekaribia na bibi wa Kiarabu anayeutafutia ukoo wake watumishi atapiga simu posta siku ya Jumatano kuzungumza na kila mmoja. Kisha, kama mtu anayeomba maji, akanyoosha mkono. "Lete ile pasipoti, mama, nizitunze zote pamoja. Zisije zikapotea."

Mkubwa amenyoosha mkono. Kunegunda aliingia ndani, akaitoa sandukuni, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili. Bwana Sixbert akaitia kwenye mfuko wa kaki na kushukuru. Alipokuwa ameshafika barabarani ndipo Kunegunda alipotambua kwamba bado yuko chini, kwenye vumbi, mikono mitupu.

Alikwenda kwa Halima karibu akikimbia. Halima alisikiliza mpaka mwisho, akapiga paja. "Si nilikwambia? Si nilikwambia mimi? Hilo goti lako!"

"Goti halina kosa!" Kunegunda alipiga kelele, na machozi yalikuwa yanamtoka, ya hasira tupu. "Ningeweza kupiga goti nikamwambia hapana. Mdomo ndio ulionyamaza. Maneno yote uliyonipa, na sikusema hata moja, hata la Kiswahili!"

"Basi mwachie. Jumatano sema hadhir kama wenzako, uende."

"Ma abgha," Kunegunda alisema, na safari hii hakuna aliyehitaji kumsahihisha.

Jumatano posta ilijaa. Wanawake wa Bwana Sixbert walikaa kwenye benchi wamevaa mitandio, Dorine akiwa wa kwanza. Karani wa simu alikuwa akipaza sauti, "Maskati! Maskati iko hewani!" na watu waliokuja kununua stempu wakasahau stempu. Mmoja mmoja waliingia kwenye kibanda cha simu. Ungesikia hadhir, kimya, hadhir, kimya, hadhir. Wakatoka wakitabasamu kama waliofaulu mtihani. Bwana Sixbert alisimama na mfuko wake wa kaki kwapani.

Ikafika zamu ya Kunegunda. Alishika mkono wa simu, akasikia, kwa mbali na kwa mikwaruzo, sauti ya mwanamke mzee. Mzee hasa, sauti ya bibi. Na miguu yake, kabla hajaamua lolote, ikajikunja. Alipiga goti mle kibandani, mbele ya simu. Waya ukavutika, mkono wa simu ukataka kumponyoka, akauvuta kwa nguvu mpaka sikioni. Posta nzima ikaona kupitia kioo. Mtu akacheka kwa sauti, na Bwana Sixbert akatabasamu, maana alidhani mambo yake yamenyooka.

"Mo ismish?" bibi aliuliza. Jina lako nani?

"Kunegunda."

"Mo?"

"Kunegunda," alirudia polepole, kama anavyomfundisha mtoto. Upande wa pili bibi akajaribu, akakwama, akajaribu tena, na mara ya tatu likatoka karibu lote. Kumbe lilitamkika.

Bibi akaendelea kwa haraka zaidi, na Kunegunda akadaka yale aliyoyajua: nyumba, watoto, kupika. Akajibu alichoweza kujibu. Kisha, akiwa bado amepiga goti, akavuta pumzi na kusema kwa sauti ambayo hata karani aliisikia: "Jawazi inda Sixbert. Ma abgha. Jawazi indi." Pasipoti yangu anayo Sixbert. Sitaki. Pasipoti yangu nikae nayo mimi.

Bibi akasema maneno machache, taratibu kabisa ili aelewe, bila ukali wowote. Aliyaelewa. Halima alikuwa amemwigizia maneno hayo hayo mara nyingi akiwa kwenye kigoda: pasipoti hukaa na baba wa nyumba, ndivyo ilivyo kwetu, na asiyetaka asije.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kunegunda alimwona Suzana na sare ya shule ya sekondari ambayo haikuwapo bado. Aliiona mashine chini ya kanga. Neno moja tu, hadhir, na vyote hivyo vingesogea karibu. Tusidanganyane, alilitaka lile neno, lilimfika mpaka kwenye meno. Kisha akamkumbuka mwanamke anayepiga deki huku mama yake anazikwa.

"La, bibi," alisema kwa heshima zake zote, goti likiwa bado chini. "Ma abgha." Akainuka, akarudisha mkono wa simu mahali pake, akajipangusa vumbi la magotini.

Bwana Sixbert alimfuata mlangoni mwa kibanda, sauti ya mafuta imekauka. "Umefanya nini? Unajua umefanya nini wewe mwanamke?"

"Nimekataa kazi. Sasa nipe pasipoti yangu."

"Pasipoti ina gharama zake. Njoo ofisini tuzungumze kiutu uzima."

"Tuzungumze hapa hapa, watu wazima si hawa wamejaa? Ina jina langu na picha yangu. Ukiikuta humo ina sura yako, kaa nayo." Alipaza sauti zaidi. "Au tumwite yule askari pale nje atusomee imeandikwa nani?"

Watu wa stempu walikuwa wamekwishatengeneza duara. Mama mmoja akasema, "Mpe mwenzio kitu chake," na mwingine akadakia. Bwana Sixbert aliangalia askari, akaangalia duara, akafungua mfuko. Akaitoa, akamnyooshea. Na Kunegunda, binti aliyelelewa akalelewa tena, alibaki wima kama mlingoti, akaipokea kwa mkono mmoja. Wangoni waliokuwa mle posta walielewa tusi lile bila kutafsiriwa.

Wenzake walimtazama tu kutoka kwenye benchi. Dorine aliutazama mfuko wa kaki, kisha akatazama chini. Jumamosi waliondoka kwa basi la alfajiri, wote, na mfuko wao ukitangulia. Hakuna wa kuwacheka. Kila mtu anaijua njaa yake.

Jumatano ile ile habari zilifika Lizaboni kabla ya Kunegunda. Lidwina alimsubiri njiani, uso umeng'aa, mikono wazi. "Wifi! Mungu amejibu. Kesho jumuiya itasali kwako."

"Karibuni sana, wifi. Ila kama ni kushukuru kwamba nimebaki, msishukuru bado." Akampigia goti, akampita.

Halima alikuwa uani, na alipomwona tu akaweka ungo chini. Alikuwa ameshasikia. Macho yalikuwa mekundu. "Pole, mwenzangu," alisema. "Pole. Mimi ndiye niliyekuharibia safari, mimi na maneno yangu."

"Usinipe pole. Nifundishe."

"Nikufundishe nini tena, na huendi?"

"Nani amesema siendi?" Kunegunda aliiweka pasipoti juu ya korosho, jina lake likitazama juu. "Mama Abuu, maneno yote uliyonipa ni ya mtumishi. Hata yale ya kukataa ni ya mtumishi, kwa sababu anayekataa ameshaagizwa. Lakini wapo watu wanaokwenda Dubai na Maskati kununua. Nguo, vyombo, nyuzi. Wanarudi na mizigo yao, nasi tunawanyenyekea hapa sokoni. Wale wakiingia dukani wanasemaje?"

"Wale wana mtaji."

"Mtaji nitautafuta. Kuna mtu wa Mbinga anaitaka mashine, kule kwao baridi haijashindwa na mitumba. Itaniuma, lakini nitaiuza. Neno kwanza."

Halima akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akavuta kigoda, akakaa. Safari hii hakunyanyua pua. Alipanga korosho mbele yake mafungu mafungu kama muuza duka, akatandaza mikono.

"Bkam hadha," alisema. "Hii bei gani. Na akishakutajia, unamwambia, ghali wajid. Ghali mno. Unamwambia huku umegeuka kama unaondoka."

Kunegunda akalitazama kidogo lile duka la korosho. Akanyoosha kidole kwenye fungu kubwa kuliko yote.

"Bkam hadha?" aliuliza, na bila kupumua akageuka nusu. "Ghali wajid!"

"Ngoja basi," Halima alisema, akicheka huku machozi hayajakauka. "Sijakutajia bei."

"Taja," Kunegunda alisema. "Jibu langu ni hilo hilo."